Kifaa cha Kushikilia Ua: Usanifu, Uundaji na Tathmini katika Somo la Teknolojia Shuleni

Makala haya yanaeleza jinsi kazi moja ndogo ya karakana, yaani kusanifu na kuunda kifaa cha kushikilia ua moja mezani, inavyobeba sehemu kubwa ya malengo ya somo la teknolojia, na namna malengo hayo yanavyopotea pale kinachotuzwa alama ni kifaa kilichokamilika peke yake. Mfano unaotumika ni wa Kenya, ambako Mtaala wa Umilisi ulianza kutekelezwa nchini kote katika gredi za mwanzo mwaka 2019 na kufika Gredi ya 7 mwaka 2023, ukiwa na somo la mafunzo ya awali ya kiufundi kwa wanafunzi wa sekondari msingi.

Wazo la kufunza kwa vitu vidogo si geni. Mwaka 1866 Ufini, kwa juhudi za Uno Cygnaeus, iliingiza kazi za mikono katika masomo ya shule za umma. Baadaye Otto Salomon aliwafunza walimu kutoka nchi nyingi huko Nääs, Uswidi, akisisitiza kwamba kitu kinachoundwa kiwe na manufaa nyumbani, kazi zipangwe kuanzia nyepesi hadi ngumu, na shabaha iwe mtoto anayeunda, si kitu kinachoundwa. Kenya nayo ilikuwa na azma inayokaribiana na hiyo ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Masomo ya ufundi yaliingia ratibani kabla ya karakana na zana kuingia shuleni, na mzigo wa kuzigharimia ukawaangukia wazazi.

Kazi yenyewe haianzi na msumeno, wala haianzi na mchoro. Huanza na maswali ya mtumiaji: ni meza ya nani, ni ua gani, shina lake lina urefu gani, na litakaa siku ngapi? Waridi la shina refu kama yale yanayokuzwa Naivasha kwa soko la Ulaya halihitaji kifaa kile kile kinachofaa ua fupi lililochumwa kando ya ua wa shule. Kila jibu hubana uamuzi unaofuata, na hapo ndipo usanifu unapoanza kutofautiana na urembo.

Uamuzi mgumu zaidi ni wa uthabiti. Tundu la mshazari hupendeza macho kuliko la wima, lakini huupeleka uzito wa ua nje ya tako la kifaa. Chukulia kipande cha mbao laini chenye tako la mraba wa milimita 60 na kimo cha milimita 40. Uzito wake unaweza kuwa gramu 70 hivi, na kitovu cha uzito huo kiko milimita 30 ndani ya ukingo. Ua la gramu 35 ambalo kitovu cha uzito wake kiko milimita 40 nje ya ukingo huo halitakiangusha: 70 mara 30 ni 2,100, ilhali 35 mara 40 ni 1,400. Kitovu hicho kikisogea hadi milimita 60 nje, pande mbili zinalingana, na pumzi ya mtu inatosha kumwaga kila kitu. Hesabu hii haijagusa maji. Mililita 20 za maji katikati ya kifaa huongeza gramu 20 upande wa uthabiti, lakini maji hupungua kila siku. Kifaa kilichosimama imara Jumatatu huweza kuanguka Alhamisi. Mwanafunzi anayepima mara moja tu, tena siku ya maonyesho, hatalijua jambo hilo. Dawa zipo kadhaa, kama vile kupanua tako, kupunguza mshazari, kufupisha shina au kutumia mbao nzito, na hakuna iliyo ya bure.

Malighafi nayo ina masharti yake. Mbao tupu haifai kuhifadhi maji, kwa kuwa huyafyonza, huvimba na hatimaye kupasuka. Kwa hiyo hutobolewa na kutiwa kichupa. Hapo huzuka somo jingine: kichupa chenye kipenyo cha milimita 20 hakiingii vyema katika tundu la milimita 20, na lazima iachwe nafasi kidogo. Mwanzi hurahisisha mambo kwa njia yake. Ukikatwa chini kidogo ya fundo, ukuta uliomo ndani ya fundo huwa tako linalozuia maji. Hata hivyo, mwanzi uliokatwa ukiwa mbichi huweza kupasuka kwa urefu unapokauka, na hali hiyo hujitokeza baada ya alama kutolewa.

Wataalamu wa Kiswahili wana sehemu yao katika suala hili. Somo hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mabishano ya kikundi kuhusu kwa nini kifaa kimeanguka huendeshwa mara nyingi kwa Kiswahili. Msamiati wa zana upo tayari kwa mafundi seremala: randa, patasi, tupa, keekee, jiliwa. Neno msasa lenyewe ni jina la mti ambao majani yake makavu yenye kukwaruza yalitumiwa kulainishia mbao. Upungufu uko kwenye msamiati wa maamuzi. Neno ubunifu hutumiwa kwa kipaji cha kuwaza jambo jipya na vilevile kwa kazi ya kupanga, kupima na kusahihisha, ambayo neno usanifu linaifaa zaidi. Mwalimu anapotangaza kwamba anatuza ubunifu, mwanafunzi huelewa kwamba anatakiwa apambe.

Mkanganyiko huo huonekana waziwazi kazi inapopelekwa nyumbani. Malalamiko ya wazazi kuhusu gharama za vifaa, na kuhusu kazi wanazoishia kuzifanya wenyewe usiku, yamesikika tangu mtaala uanze, na yalijitokeza pia wakati wa kazi ya Jopokazi la Rais kuhusu Mageuzi ya Elimu lililoundwa mwaka 2022. Mzazi mwenye fedha humwendea fundi. Asiye nazo hukesha na gundi. Kifaa kinachofika darasani asubuhi hakimwambii mwalimu lolote kuhusu mtoto.

Kwa mshauri wa sera, hatua ya kwanza si kununua mashine. Ni kuamuru kazi yote ifanyike shuleni, katika vikundi vidogo vinavyopokezana keekee moja na jiliwa moja, na kugawa alama upya. Sehemu kubwa ya alama iende kwenye daftari la kazi: michoro miwili iliyolinganishwa, sababu ya kuacha mmoja, vipimo, tarehe ya jaribio la kwanza, kilichoharibika na kilichobadilishwa. Umaliziaji upewe sehemu ndogo. Kwa mizani hiyo, kifaa kilichoanguka siku ya nne, kikiwa na hesabu inayoeleza kwa nini, kitakipita kile kinachong'aa bila maelezo, na ni vyema kiachwe rafuni hadi mwisho wa muhula, hesabu yake ikiwa imebandikwa kando.