Kompyuta yenye Windows na Linux: Chukua nakala bila kuharibu uwashaji

WAFANYABIASHARA na wakulima wengi siku hizi hawategemei madaftari peke yake. Orodha ya wateja wanaodaiwa, bei za pembejeo, uzito wa mazao yaliyopokelewa ghalani na hesabu za mauzo huwekwa kwenye kompyuta. Daftari likilowa mvua, huharibika kurasa chache. Diski ya kompyuta ikifa, huondoka na kila kitu.

Hasara hiyo huwapata kwa urahisi zaidi wenye kompyuta moja iliyowekwa mifumo miwili, yaani Windows na Linux. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11 kwa kuwa hazina kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa sababu hiyo wapo wanaoweka Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, kwa ajili ya intaneti na barua pepe, huku wakibakiza Windows kwa ajili ya programu ya hesabu waliyoizoea.

Mpangilio huo hauna ubaya. Tatizo hutokea pale mtu anapochukua nakala ya sehemu moja tu ya diski, na siku ya kuirudisha akakuta kompyuta haiwaki.

Chanzo cha tatizo

Diski ya kompyuta hugawanywa kama shamba lenye vipande. Kipande kimoja ni cha Windows, kingine cha Linux. Lakini kipo kipande kidogo ambacho mtumiaji hakioni, na humo ndimo inamokaa programu ya kuwashia. Katika kompyuta za kisasa zenye utaratibu wa UEFI, kipande hicho huwa na mamia machache tu ya megabaiti. Katika zile za zamani, mwanzo wa programu hiyo hukaa kwenye baiti 512 za kwanza za diski, pamoja na ramani ya vipande vyote.

Kwenye mifumo miwili, programu ya kuwashia kwa kawaida ni GRUB. Ndiyo inayokuuliza kama unataka Windows au Linux. Anayenakili sehemu ya C peke yake huiacha nyuma. Anayeweka Windows upya kwenye kompyuta ya zamani huifuta bila kujua. Vilevile, Linux hutambua kila kipande kwa namba yake maalumu. Ukifuta kipande na kukiunda upya, namba hubadilika na Linux hukosa njia.

Hata usipogusa kitu, jambo linaweza kutokea. Mwezi Agosti 2024, sasisho la Windows lilizifanya baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili kukataa kuwasha Linux, na Microsoft ilitoa marekebisho Mei 2025. Mwenye nakala kamili hana sababu ya kuhofia hesabu zake siku kama hiyo.

Maandalizi

Kwanza, nakili faili za biashara peke yake kwenye flashi. Hizo ndizo mali yako. Windows na Linux zinaweza kuwekwa upya wakati wowote.

Pili, zima kabisa Windows. Tangu Windows 8, mfumo huu hujifanya umezimika kumbe umehifadhi hali yake kwenye diski ili uwake haraka. Programu ya kunakili inaweza kukikataa kipande kilicho katika hali hiyo. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, kisha zima.

Tatu, kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, andika namba ya kufungulia yenye tarakimu 48 kwenye karatasi na uitunze. Mabadiliko ya uwashaji yanaweza kuifanya kompyuta iidai, na bila namba hiyo huingii.

Nne, hakikisha umeme ni wa uhakika. Betri ya kompyuta ya mkononi ijae na waya uwe umechomekwa. Kwa kompyuta ya mezani, tumia UPS.

Kuchukua nakala

Clonezilla ni programu ya bure inayofanya kazi kutoka kwenye flashi. Washa kompyuta kwa flashi hiyo, chomeka diski ya nje, chagua device-image, kisha savedisk. Neno la mwisho lina maana ya diski nzima, pamoja na ramani ya vipande na programu ya kuwashia. Usichague kipande kimoja kimoja. Ikikuuliza kama ikague nakala baada ya kumaliza, kubali.

Kurudisha

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Kurudisha diski nzima hufuta kilichopo sasa. Ukirudisha nakala ya Januari mwezi Juni, madeni ya miezi mitano yatafutika, isipokuwa kama umeyanakili kwanza kwenye flashi.

Diski unayorudishia isiwe ndogo kuliko ile ya awali, hata kama faili zako ni chache. Chagua restoredisk, na kabla ya kukubali soma jina na ukubwa wa diski inayotajwa. Kukosea hapa ni kufuta diski isiyohusika. Ukiwa umehamia diski mpya, usiwashe kompyuta ikiwa na diski zote mbili. Zina namba zilezile za utambulisho na zitachanganya mfumo.

Ikigoma kuwaka

Usikimbilie kufomati, na usikubali fundi afanye hivyo kabla hajajaribu njia nyingine. Mara nyingi faili zipo salama. Kilichopotea ni njia ya kuzifikia. Ingia kwanza kwenye mipangilio ya kompyuta uangalie ni programu ipi imewekwa mbele katika kuwasha. Kama GRUB haipo, washa kwa flashi ya Linux na utumie Boot-Repair, ambayo huirudisha GRUB mahali pake.

Kwa duka au ghala, utaratibu unaofaa ni huu: faili za biashara zinakiliwe kila siku kazi inapofungwa, na diski nzima kila mwezi au kabla ya mabadiliko makubwa. Diski ya nakala isilale pamoja na kompyuta. Mwizi au moto ukiingia dukani, hautachagua. Ipeleke nyumbani, na mara mojamoja fungua faili zilizomo uone kama zinasomeka.