Ratili Si Kilo: Jihadhari na Dawa ya Mtoto

Ukinunua mizani ya mitumba Busia au Malaba, tazama kwanza kama yasoma kilo au ratili, yaani pauni, ambazo alama yake ni lb. Kilo 1 ni ratili 2.2. Mtoto wa ratili 22 ana kilo 10 tu.

Dawa ya malaria ya AL hupimwa kwa kilo: kuanzia 5 hadi chini ya 15, tembe 1 kila mara, 15 hadi chini ya 25, tembe 2. Ukidhani 22 ni kilo, utampa maradufu.

Kugeuza ni rahisi: gawa ratili kwa 2, kisha punguza sehemu moja ya kumi. 22 huwa 11, halafu 9.9. Ukiwa na shaka, mpeleke zahanati akapimwe damu na uzito.