Katiba na etat de siège: watu wanakiruka kifungu cha 219

Tangu tarehe 23 mwezi wa kumi 2024, siku ile Rais Félix Tshisekedi alitangaza katika Kisangani kwamba mwaka unaokuja ataunda kamisheni juu ya katiba, watu wanabishana jambo moja tu, kwenye mashimo ya Manguredjipa sawa na hapa Butembo: anatafuta muhula wa tatu ao hapana?

Swali ni la haki. Kifungu cha 220 kinakataza kugusa hesabu na urefu wa muhula wa Rais, tena kinakataza kupunguza haki za mtu. Lakini siye watu wa Beni na Butembo tuko na kifungu kingine cha karibu zaidi: 219. Kinasema katiba hairekebishwi wakati wa vita, wakati wa hali ya dharura, wala wakati wa etat de siège.

Sasa siye tuko wapi? Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko ndani ya etat de siège tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021. Kifungu cha 144 kinaipa siku 30, kisha siku 15 kila mara Bunge likikubali. Kumi na tano, tena kumi na tano, mpaka watoto waliozaliwa mwezi ule wameanza masomo ya maternelle! Gavana ni mwanajeshi. Wakubwa wa jeshi walipewa ruhusa ya kupekua nyumba usiku na mchana na kukataza mikutano. Haki ya kugoma iko, kifungu cha 39, lakini mgomo utaupanga namna gani kama mkutano wenyewe unaweza kukatazwa?

Kuna wenye kusema: kurekebisha ndiyo kumekatazwa, kuandika katiba mpya ni kitu kingine. Hapana, wandugu. Kama kugeuza kifungu kimoja ni kosa wakati huu, kutupa vyote 229 kutaruhusiwa juu ya nini?

Na tusidanganyike kwamba raia ataulizwa kila mara. Ndiyo, mwezi wa kumi na mbili 2005 tulipiga kura ya referandumu. Lakini mwezi wa kwanza 2011 uchaguzi wa Rais ulitolewa kwenye duru mbili ukawekwa kwenye moja, na wabunge na maseneta ndio walimaliza hiyo kazi peke yao, haraka haraka.

Hata kura ikiitishwa, siye tunajua kuachwa nyuma. Mwisho wa 2018 CENI iliahirisha uchaguzi wa Beni, Butembo na Yumbi mpaka mwezi wa tatu 2019, juu ya Ebola na usalama. Rais mpya aliapa tarehe 24 mwezi wa kwanza. Zaidi ya watu milioni moja hawakumchagua. Pale Beni watu walijipangia kura yao wenyewe, wakapiga mstari, wakanawa mikono, wakatumbukiza karatasi. Hakuna aliyezihesabu kule Kinshasa.

Kwa hiyo sendika inaomba etat de siège iondolewe kwanza, halafu mambo ya katiba yaongelewe. Mbunge akikuja kwenye kare yenu kuwaeleza uzuri wa katiba mpya, wamama na wababa, mumsikilize kwa heshima. Kisha mumuulize: siku ile ulinyosha mkono kutuongezea siku 15 zingine, ulikuja kutuuliza?