Jengo la Malkia Victoria Mjini Sydney

Katika nchi ya Australia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, uko mji mkubwa uitwao Sydney. Katikati ya mji huo pana jengo la maduka lenye urefu wa mita 190 na upana wa mita 30, nalo limejaza nafasi yote iliyo kati ya njia nne. Fanyeni hesabu, mtaona ya kuwa mtu akilizunguka mara moja amekwenda mita 440.

Zamani mahali hapo palikuwa na soko. Mwaka 1893 Baraza la Mji likakusudia kujenga soko jipya. Mjenzi wa Baraza, George McRae, aliyezaliwa Uskoti, alichora sura nne mbalimbali za jengo lile lile, na Baraza likachagua ile yenye matao ya mviringo kama majengo ya kale ya Ulaya.

Mwaka huo ulikuwa mwaka wa dhiki. Mabenki mengi ya Australia yalifunga milango, na watu wengi wakakosa kazi. Huenda mtu akauliza, Je, wakati wa shida ndio wakati wa kujenga jumba la fahari? Soko la kawaida lingalitosha. Lakini jumba lenye mapambo lilihitaji mikono mingi: waashi, wachongaji wa mawe, mafundi wa lipu, na mafundi wa vioo vya rangi. Hao wote walipata riziki. Mimi naona lilikuwa shauri la busara.

Jengo likafunguliwa tarehe 21 Julai, 1898, likapewa jina la Malkia Victoria, ambaye mwaka uliotangulia alitimiza miaka 60 ya kutawala. Juu lilikuwa na kuba kubwa, ndani ya kioo na nje ya shaba. Ndani walikuwamo washoni, wauza maua na wauza kahawa, tena palikuwa na ukumbi wa muziki.

Ila kodi ya maduka haikulingana na gharama. Baraza likaanza kuligeuza jengo. Mwaka 1918 sehemu ya chini ilibadilishwa, na katika miaka ya 1930 vyumba vingi vikawa afisi. Mapambo yakaondolewa au kufunikwa. Hata mwaka 1959 mkuu wa mji akatoa shauri la kulibomoa kabisa, ili pawe uwanja, na chini yake pawekwe motokaa. Wenyeji waliolipenda wakapinga, na maneno yakaendelea zaidi ya miaka kumi, mpaka mwaka 1971 Baraza likatangaza ya kuwa jengo litahifadhiwa na kurudishiwa sura yake ya kwanza.

Fedha za kazi hiyo zilitoka mbali. Kampuni moja ya Malaysia, jina lake Ipoh Garden, ilikodishwa jengo kwa miaka 99, ikaanza kazi mwaka 1984. Na mwisho wa mwaka 1986 maduka yakafunguliwa tena.

Mbele ya mlango mmoja ameketi Malkia Victoria wa shaba. Sanamu hiyo haikufanyizwa kwa ajili ya Sydney. Ilisimamishwa mjini Dublin, katika Ireland, mwaka 1908. Mwaka 1948 Waireland wakaiondoa, ikakaa ghalani miaka mingi. Watu wa Sydney walikuwa wakitafuta sanamu ya malkia kwa jengo lao. Wakaomba ile, wakapewa.