Radi za Kivu na waya usioonekana kazi yake

Mji wa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umepakana na eneo la Kabare. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa kutumia takwimu za setilaiti uliliweka eneo hilo la kwanza barani Afrika, na la pili duniani, kwa wingi wa radi: zaidi ya mimweko 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ni hapohapo Bukavu ambapo mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu na kuteremka kuelekea Tanganyika, ukizungusha mitambo ya Ruzizi I, iliyopo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II ya mwaka 1989, ambayo umeme wake hugawanywa baina ya Kongo, Rwanda na Burundi.

Katika mtambo wa aina hii, jenereta ni kitu kigumu. Kilicho dhaifu ni vifaa vya udhibiti. Sensa inayopima kina cha maji hupeleka habari zake kwa mkondo mdogo mno, kwa kawaida miliampia 4 hadi 20. Kiwango cha chini hakikuwekwa sifuri, na kwa sababu nzuri: waya ukikatika, mkondo hupotea kabisa, na mhudumu hujua kuwa ni hitilafu, si maji yaliyopungua.

Wapo wanaoamini kwamba kompyuta za udhibiti zastahili fimbo yao ya shaba, iliyochimbiwa mbali na ardhi "chafu" ya mitambo mikubwa. Hesabu inawakanusha. Radi ya kawaida hubeba ampia 30,000 hivi. Ikiingia ardhini penye ukinzani wa omu 5 tu, jengo zima hupanda hadi volti 150,000, ilhali fimbo ya kompyuta hubaki karibu na sifuri. Tofauti hiyo lazima itafute njia, na njia iliyo wazi ni kupitia kompyuta yenyewe. Ndiyo maana kanuni za leo zataka fimbo zote, nondo za jengo, mabomba na makabati ya vyuma viunganishwe pamoja, mithili ya mitumbwi iliyofungwa ubavu kwa ubavu: wimbi likija, yote hupanda na kushuka kwa pamoja.

Kebo za sensa zina kanuni yake. Huvikwa wavu wa shaba wa kukinga kelele za umeme, na kwa ishara za polepole kama hizi wavu huo aghalabu huunganishwa na ardhi upande mmoja tu. Ukiunganishwa pande zote mbili, nao ardhi zake hazilingani, mkondo usioalikwa hupita ndani yake na kipimo huanza kucheza. Fundi hubadilisha sensa, hubadilisha ya pili, na tatizo hubaki palepale.

Baina ya lango la maji na jumba la mitambo umbali ni mkubwa, na kuzilinganisha ardhi mbili hizo ni vigumu. Hapo dawa ni kutenganisha. Habari husafirishwa kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, ambazo hazipitishi umeme. Hata ndani ya kabati, kijitaa kidogo humulika kipokezi kilicho ng'ambo, bila waya wowote kuviunganisha.

Waya wa ardhi una bahati mbaya moja: ukikatwa na wezi wa shaba, hakuna taa inayozimika. Huweza kukosekana miezi kadhaa bila mtu kujua. Aidha, udongo ukikauka, fimbo ileile iliyopimika vizuri mwezi Aprili huwa na ukinzani mkubwa zaidi ifikapo Agosti. Kwa hiyo mafundi waangalifu hupima mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua za Septemba hazijarejea na radi zake.