KAIMU, MAKAMU NA NAIBU: MANENO YA KUSHIKA MAHALI WAKATI WA MAAFA, KWA MIFANO YA KILWA NA BARA YA LINDI

Dola yo yote yaweza kupatwa na msiba wa ghafula: mtawala afe, mji uvamiwe, au mafuriko yakate njia baina ya ofisi na watu wake. Saa hiyo swali la kwanza la raia si sera wala bajeti. Swali ni hili: nani sasa ana haki ya kuamuru? Kiswahili kina maneno matatu ya kulijibia, nayo ni kaimu, makamu na naibu. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya huchanganywa, kana kwamba ni majina matatu ya kitu kimoja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila neno lina dai lake mbali, na kwamba historia ya pwani ya kusini ya Tanzania, tangu Kilwa hata bara ya Lindi palipo Nyangamara, yathibitisha umuhimu wa kuyatenga.

1. Asili ya maneno

Kaimu na makamu ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yametoka katika mzizi wa Kiarabu q-w-m, wenye maana ya kusimama. Qa'im ni asimamaye. Maqam ni pahali pa kusimama, na kwa hiyo cheo au daraja. Waarabu waliyaunganisha wakapata qa'im maqam, yaani asimamaye mahali pa mwingine. Katika dola ya Kituruki cha Uthmani fungu hilo lilikuwa jina la cheo, na hata leo huko Uturuki mkuu wa wilaya huitwa kaymakam. Kiswahili kimelipasua fungu hilo vipande viwili, kikakipa kila kipande kazi yake.

Mzizi huo huo umetuletea kiyama, siku ambayo wote watasimama, kukimu sala, na takwimu. Basi neno la msiba mkuu kupita yote na neno la mtu anayeshika kazi baada ya msiba ni matawi ya shina moja. Hiyo ni bahati ya mzizi, si hekima iliyokusudiwa na mtu. Lakini yasaidia kukumbuka kwamba wazo lililomo ndani ya kaimu ni kusimama, si kumiliki.

Naibu ana ukoo mwingine. Mzizi wake ni n-w-b, wenye maana ya kuingia mahali pa mtu au kupokezana zamu.

Yafaa pia kutaja luteni. Neno hili limetoka Ulaya, na asili yake ni maneno mawili ya Kifaransa yenye maana ya kushika mahali. Hivyo jeshi limepokea kutoka Magharibi wazo lile lile ambalo ofisi za raia zimelipokea kutoka Mashariki.

2. Tofauti za matumizi

Kwa sarufi, kaimu ni jina na ni kitenzi pia: mtu hukaimu nafasi, naye aweza kukaimishwa. Makamu halina kitenzi. Silabi yake ya kwanza yafanana na kiambishi cha wingi, lakini ni sehemu ya shina. Hatusemi kamu mmoja, makamu wawili. Tena neno hili bado limehifadhi maana yake ya kale ya daraja katika msemo mtu wa makamu, yaani mtu aliyekwisha kufika umri wa heshima. Naibu nalo halina kitenzi, ila lazaa unaibu.

Tofauti hizi za sarufi zaongozana na tofauti za maana. Naibu yupo wakati mkuu yupo. Nguvu zake ni za kugawiwa. Makamu amewekwa karibu na kiti kabla ya msiba, na kiti kikiwa tupu aweza kukirithi. Kaimu huzaliwa na pengo lenyewe: kabla ya pengo hayupo, na pengo likizibwa hayupo tena. Ndiyo sababu kaimu peke yake amepata kitenzi, kwa kuwa ukaimu ni tendo lenye mwanzo na mwisho.

3. Kilwa, 1505 hata 1512

Mfano mkubwa wa kale ni Kilwa Kisiwani. Mwezi Julai 1505 Wareno, wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliuteka mji. Aliyekuwa akitawala ni Amiri Ibrahim, naye akakimbia. Yafaa kuangalia cheo chake. Hakuwa sultani kwa nasaba. Alishika madaraka baada ya kuuawa Sultani al-Fudail, na Wareno walimhesabu kuwa mnyang'anyi.

Mahali pake Wareno walimweka Muhammad, mfanyabiashara tajiri ajulikanaye katika habari zao kwa jina la Ankoni. Kwa mujibu wa habari hizo, Muhammad aliomba kwamba baada yake kiti kisiende kwa mwanawe mwenyewe, bali kwa mwana wa al-Fudail. Ombi hilo lina maana kubwa kwa mada yetu. Mtu aliyevikwa taji na wageni alijihesabu kuwa ameshika mahali tu, akatafuta uhalali kwa kutamka mwisho wa zamu yake. Kwa lugha ya leo, alikubali ukaimu na kukataa umiliki. Hata hivyo aliuawa mwaka uliofuata, na fitina za kurithi zikaendelea. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome yao, na Ibrahim akarudi.

Habari za wafalme wa Kilwa ziliandikwa kwa Kiarabu katika karne hiyo hiyo ya 16, na João de Barros akachapisha simulizi nyingine mwaka 1552. Kushughulika huko na orodha ya nani alimfuata nani kwaonyesha kwamba watu wa Kilwa waliona kiti kuwa kitu kinachodumu kupita akikaliaye.

4. Bara ya Lindi: kurithi jina

Msomaji akiiacha pwani na kupanda bara, kuelekea Nyangamara na Nyangao, akutana na dawa nyingine ya ugonjwa ule ule. Jamii nyingi za kusini, Wamwera, Wamakonde na Wayao, zilifuata ukoo wa kuumeni kwa mama, na mpwa alimrithi mjomba. Miongoni mwa Wayao mrithi alitwaa hata jina: watawala kadhaa, mmoja baada ya mwingine, waliitwa Mataka. Pwani mtu alishika mahali. Bara mtu alishika jina. Kwa njia ya pili pengo halikutamkika kabisa, kwa kuwa katika lugha mtawala hakufa.

Serikali ya Kijerumani ilileta safu ya liwali, akida na jumbe. Vita vya Majimaji vilipoanza mwezi Julai 1905 katika milima ya Umatumbi na kuenea kusini, boma la Liwale lilianguka na misheni ya Nyangao ikachomwa moto mwezi Agosti. Maakida na majumbe walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa, kwa sababu ndio waliokuwa uso wa serikali kijijini. Baada ya vita na njaa iliyofuata, vyeo vile vile vilijazwa watu. Safu ilidumu, lakini kudumu kwa safu si sawa na kukubaliwa na watu. Cheo kilichojazwa kwa bunduki kina mshikaji. Hakina kaimu kwa maana kamili, kwa kuwa kaimu husimama kwa niaba ya jambo ambalo watu wanalitambua.

5. Matumizi ya leo

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 37, yasema kwamba Rais akifariki, Makamu wa Rais ataapishwa na kuwa Rais kwa muda uliobaki. Rais John Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, na tarehe 19 Machi Samia Suluhu Hassan akaapishwa. Hakuwa Kaimu Rais. Makamu alikuwa Rais. Neno na sheria vilikwenda pamoja, na nchi ikavuka.

Lakini maafa hayapigi Ikulu tu. Mwezi Mei 2024 au mwezi mwingine wo wote, mvua haiulizi katiba. Mwaka huo wa 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa tangu ngazi ya taifa hata kijiji. Tuchukue basi kijiji katika kata kama Nyangamara, mtendaji wake akiwa ng'ambo ya mto uliofurika. Ghala la chakula litafunguliwa kwa amri ya nani? Aliyeandikiwa naibu atauliza kama amegawiwa nguvu hiyo. Aliyeandikiwa kaimu anazo nguvu za nafasi, lakini kwa muda. Barua isiyosema tarehe ya mwisho imemfanya kaimu kuwa mmiliki. Na barua iliyochagua neno lisilo lake imewaacha watu na njaa huku viongozi wakibishana.

Kwa hiyo watunga kamusi wasiridhike kulifasiri neno moja kwa jingine. Fasili ya kaimu haina budi kutaja pengo na muda. Ya makamu itaje kiti. Ya naibu itaje mkuu aliyepo. Kazi hiyo ni ndogo siku za amani. Siku ya mafuriko, hakuna atakayepata nafasi ya kuifanya.