JE, HEWA YAWEZA KUCHUJWA?

Mpira wa miguu ukijazwa hewa leo, baada ya wiki kadhaa utaukuta umelegea, hata kama miiba yetu ya Garissa haikuutoboa. Hewa imepita wapi? Imepenya kwenye utando wa mpira wenyewe! Gesi huyeyuka upande mmoja wa utando, ikatambaa ndani yake, ikatokea upande wa pili. Na gesi hazina mwendo mmoja: katika mpira, oksijeni huitangulia naitrojeni.

Mnamo 1866 mwanakemia Thomas Graham wa Uingereza alipitisha hewa ya kawaida, yenye oksijeni asilimia 21 hivi, katika utando wa mpira. Akapata karibu asilimia 41.

Siku hizi wahandisi hutumia nyuzi za plastiki zenye tundu katikati, mfano wa mrija wa soda lakini nyembamba mno. Maelfu hufungwa ndani ya bomba moja ili eneo la kupenya liwe kubwa, kisha kompresa husukuma hewa.

Mtungi wa oksijeni ukitolewa Nairobi hadi hapa husafiri zaidi ya kilomita 350, na mtoto mwenye nimonia hangoji lori. Basi si tufunge nyuzi hizo? Hebu ngoja. Oksijeni ya hospitali hutakiwa kufika kama asilimia 90; utando mmoja haufiki huko. Ndiyo maana mashine za wagonjwa hutumia zeolaiti, chembe zinazonasa naitrojeni.

Tena joto likizidi, plastiki hupitisha gesi zote ovyo ovyo, na vumbi huziba nyuzi. Mbunifu wa mtambo wa Garissa ataanza na kichujio cha vumbi na kipoza hewa, utando baadaye.